Deptford: Mahali Karatasi ya Kaki Ilipoiwashia London Taa

Jioni unapotoka kazini ukabonyeza swichi nyumbani, na watoto wakapata mwanga wa kufanyia hesabu za shule, yamkini macho yako huinuka kuitazama taa, au huenda dirishani zilipo nguzo na nyaya za mtaani. Ni nadra mtu kutazama chini. Hata hivyo katika miji mikubwa ya dunia, na katikati ya miji yetu pia, umeme mwingi haupiti angani bali hupita chini ya nyayo za watu, ndani ya kebo nene kama kifundo cha mkono, zilizofukiwa chini ya lami na chini ya njia za waendao kwa miguu. Ukiikata iliyo kongwe miongoni mwa kebo hizo, utakuta ndani yake kitu ambacho hukutarajia kabisa kukikuta karibu na umeme. Utakuta karatasi.

Naam, karatasi, ya rangi ya kaki, ndugu yake ile ambayo wenye maduka hufungia sukari. Imekatwa mikanda myembamba, ikaviringishwa tabaka juu ya tabaka kuizunguka shaba, ikaloweshwa mafuta, kisha ikafungiwa ndani ya bomba la risasi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kitu hicho ndicho kilichobeba umeme wa viwanda, hospitali na majumba ya watu mijini. Uhai wake wote unategemea sharti moja tu, kwamba isipate maji. Unyevu ukipenya, hata ule usioonekana kwa macho, mtaa mzima waweza kuingia gizani.

Nakualika basi tufuatane hadi mahali kazi hiyo ya karatasi ilikoanzia, upande wa kusini-mashariki ya jiji la London, katika mtaa uitwao Deptford.

Ukipanda treni pale stesheni ya London Bridge utafika Deptford kwa dakika chache tu, na katika dakika hizo utakuwa unapita juu ya mapaa ya nyumba. Reli hii, iliyofunguliwa mwaka 1836, ni ya kwanza kujengwa London, na imebebwa juu ya daraja refu la matao ya matofali, matao 878 kwa hesabu ya wenyewe. Itie akilini reli hiyo, kwani tutairudia. Ukishuka, utatokea kwenye barabara ya maduka na soko ambako wageni wa kila pembe ya dunia wamepatengeneza kuwa pao. Ndizi za kupika zipo, viazi vikuu vipo, samaki wakavu wapo, na wauzaji wake huongea lugha ambazo Malkia Victoria hakupata kuzisikia.

Elekea mtoni. Kabla hujafika utaliona kanisa la Mtakatifu Nikolasi, ambalo nguzo za lango lake zimechongwa mafuvu ya vichwa na mifupa, kitu cha kumtisha mtoto. Katika viwanja vyake alizikwa Christopher Marlowe, mtunzi wa tamthilia aliyeuawa Deptford mwaka 1593. Palikuwa mahali pa mabaharia hapa. Mfalme Henry wa Nane alianzisha bandari ya kujengea manowari zake Deptford mwaka 1513, na mwaka 1698 Tsar Peter wa Urusi alikuja kujifunza ujenzi wa merikebu kwa Waingereza. Watu wa Deptford hupenda kukuhadithia habari za Peter. Habari za Olaudah Equiano wachache hukuanzia nazo: mtumwa mwenye asili ya Afrika ambaye, mnamo Desemba 1762, aliamini kwamba safari yake ya baharini imemalizika na uhuru wake umekaribia, lakini bwana wake akamkamata hapa hapa Deptford, akamshusha mtoni kwa mashua na kumwuza kwa nahodha mwingine aliyekuwa akienda visiwa vya Karibi. Mahali pamoja paweza kubeba sifa na aibu bila kuona taabu.

Nyuma ya kanisa kuna njia iitwayo The Stowage, jina lililobaki tangu maghala ya Kampuni ya India ya Mashariki yalipokuwa hapo. Leo utaona nyumba za makazi zinazotazama mto Thames, na roshani zake zenye maua. Hakuna linalokuambia kwamba uwanja huo ndio uliojengwa kituo kikubwa cha umeme ambacho dunia ilikuwa haijaona mfano wake.

Aliyekibuni alikuwa kijana. Sebastian Ziani de Ferranti alizaliwa Liverpool mwaka 1864, katika familia yenye asili ya Kitaliano, na mwaka 1886 alipokabidhiwa mitambo ya umeme ya Grosvenor Gallery alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Grosvenor Gallery, katika mtaa wa matajiri wa New Bond Street, ilikuwa nyumba ya maonyesho ya picha. Mwenye nyumba hiyo alikuwa ameweka mtambo wa umeme ili wageni wake waone picha vizuri. Majirani wakatamani, wakaomba na wao wapatiwe, na muda si muda nyaya zilikuwa zikitambaa juu ya mapaa ya London kama kamba za kuanikia nguo.

Ferranti aliona mbali kuliko mapaa hayo. Kwa nini, aliuliza, mtambo ukae katikati ya mji ambako kiwanja ni ghali na makaa ya mawe huletwa kwa mikokoteni? Uwekwe kando ya mto, meli ishushe makaa mlangoni, maji ya kupozea yapatikane bure, kisha umeme wenyewe ndio usafiri. Sisi wazo hilo halitushangazi. Kidatu ilipoanza kufua umeme mwaka 1975 hakuna aliyeuliza kwa nini bwawa halikuchimbwa Kariakoo. Lakini katika miaka ya 1880 watu wengi wenye elimu yao walidhani kijana huyu amepungukiwa na akili, hasa walipoisikia volti aliyoikusudia. Grosvenor Gallery ilikuwa ikitumia volti 2,400. Yeye alitaka 10,000.

Si kwamba alipenda hatari. Ukitaka kupeleka nguvu ile ile mbali, waweza kupeleka mkondo mwingi kwa volti ndogo, au mkondo mdogo kwa volti kubwa. Mkondo mwingi huupasha moto waya, na joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Ukiipandisha volti mara nne, upotevu katika waya ule ule hushuka mara 16. Kwa mwenye kampuni hiyo ni fedha. Kwa mwananchi ni bei ya taa.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuufunga. Umeme wa volti kubwa ni kama mbuzi mwenye njaa karibu na shamba la mahindi, hutafuta upenyo usiku na mchana. Kebo za simu za baharini, kama ile iliyoziunganisha Aden na Unguja mwaka 1879, zilivikwa utomvu wa miti ya Asia uitwao gataperka, nao ulifaa sana kwa mkondo hafifu wa simu katika maji ya baridi. Ukiutia joto hulainika. Mpira nao ulikuwa ghali. Ferranti alijaribu kebo zilizouzwa na wengine zikamwangusha, na hapo ndipo alipoamua kutengeneza zake mwenyewe, kwa kitu rahisi kuliko vyote.

Alichukua bomba la shaba. Akaliviringishia karatasi za kaki zilizoloweshwa nta ya ardhini iitwayo ozokeriti, hadi unene wa kama nusu inchi. Juu ya karatasi akavika bomba la pili la shaba, kubwa kidogo, likabanwa barabara. Likafuata tabaka jingine la karatasi, na mwishoni bomba la chuma. Umeme ulikwenda kwa bomba la ndani na kurudi kwa bomba la nje. Kitu hicho hakikupindika kama kamba, kwa hiyo kililetwa vipande vipande vya futi 20, kila kipande mfano wa fimbo nene ya chuma.

Wakaguzi wa serikali walikuwa na wasiwasi. Je, mfanyakazi wa barabarani akilipiga bomba hilo kwa sururu? Ferranti aliwajibu kwa kitendo. Msaidizi wake mmoja alishika tindo kwa mikono mitupu, na mwingine akaipiga nyundo mpaka ikapenya ndani ya kebo iliyokuwa na volti 10,000. Mshika tindo hakudhurika. Bomba la nje lilikuwa limeunganishwa na ardhi, hivyo tindo ilipoligusa na kugusa lile la ndani, umeme ulipata njia fupi ya kupita, fyuzi ikakatika papo hapo. Mimi naamini hesabu hizo. Lakini natafakari sana juu ya huyo aliyeambiwa ashike. Ferranti ndiye aliyebuni, naye huenda alilala vizuri usiku ule. Mwenye tindo sijui. Na ninyi watoto mnaosoma ukurasa huu na baba zenu, msithubutu.

Sasa turudi kwenye ile reli ya matao. Kuchimba barabara za London kulihitaji ruhusa ya halmashauri moja baada ya nyingine, kila moja na masharti yake. Makampuni ya reli yalikuwa na njia ndefu iliyonyooka, isiyo na maduka wala malango. Basi mabomba ya Ferranti yalilazwa kandoni mwa reli, yakasafiri kutoka Deptford kuelekea London Bridge na Charing Cross, yakavuka mto juu ya madaraja ya treni, na kuingia mjini kulisha vituo vidogo, kikiwamo kile cha Grosvenor Gallery. Ukikaa dirishani katika treni hiyo leo, unafuata njia ambayo umeme wa volti 10,000 uliifuata.

Fikiri kidogo juu ya viungo. Vipande vya futi 20 maana yake ni viungo zaidi ya 260 kwa kila maili moja, na kebo zilikuwa kadhaa, za maili nyingi. Mwisho mmoja wa kila kipande ulichongwa kama penseli, na mwisho wa pili ukatobolewa ili kuipokea ncha hiyo. Vikasukumwa pamoja kwa nguvu hadi karatasi ikakutana na karatasi na shaba ikabana shaba. Kazi hiyo ilifanywa nje, kandoni mwa reli, katika mvua na ukungu wa mto Thames, na kila kiungo kilikuwa mlango ambao unyevu ungeweza kuingilia. Vitabu vinamsifu Ferranti, na kwa haki. Wale waliosukuma viungo hivyo vyote hutajwa kwa nadra, ingawa sehemu ya kebo hizo iliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 40.

Hata hivyo safari haikuwa ya mteremko. Mnamo Novemba 1890, mwaka ambao umeme wa Deptford ulikuwa umeanza kuingia mjini, moto ulizuka na kukiteketeza kituo cha Grosvenor. Karatasi haikuhusika, lakini mji uliokwisha kutupa nyaya za zamani na kuutegemea mlango mmoja ulijikuta umefungiwa mlango huo. Wateja walikaa bila umeme kwa muda wa miezi kama mitatu. Waliokuwa na taa za gesi walirudia gesi, wengine wakahamia kwa makampuni mengine wasirudi tena. Mwaka 1891 volti 10,000 zilifanya kazi kama alivyoahidi, na mwaka huo huo Ferranti na kampuni hiyo wakaachana.

Miezi mitatu ya giza si hadithi ya Ulaya peke yake. Ndugu zetu wa Unguja wanaijua. Tangu mwaka 1980 kisiwa chao kimepata umeme kutoka bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, hitilafu iliuacha mji wa Zanzibar na mashamba yake bila umeme kwa muda wa wiki nne hivi. Mwezi Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii taa hazikurudi hadi Machi 2010. Kisiwa kizima, hospitali zake, pampu zake za maji, majokofu ya wauza samaki na cherehani za mafundi nguo, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye uzi mmoja usioonekana. Kebo ya pili yenye uwezo wa megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Mtu aliyechota maji kisimani kwa ndoo majuma yale hahitaji kuelezwa na mwandishi wa gazeti kwamba kebo ni kitu gani.

Mabomba magumu ya Ferranti hayakuenea duniani. Kilichoenea ni ile karatasi yake, ikiwa imepata nguo mpya. Katika mji wa Prescot, karibu na Liverpool, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890 ilianza kutengeneza kebo za karatasi zinazopindika, ambazo zaweza kuzungushwa kwenye gurudumu kubwa la mbao na kupelekwa popote. Siri ya kupindika huko ni risasi.

Lugha yetu imetia maana mbili katika neno hilo; hapa sisemi ile ya bunduki, bali madini yenyewe, mazito, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za sentigredi, hivyo mashine huweza kuisukuma ikiwa na moto wa wastani na kuivika kebo kama soksi, bila mshono hata mmoja, wala karatasi iliyo ndani isiungue. Ikishapoa hupindika pamoja na kebo. Na maji hayapenyi. Plastiki, hata iliyo nzuri, hupitisha unyevu kidogo kidogo mwaka hadi mwaka; risasi nzima haipitishi kitu.

Ukiichukua kebo ya kawaida ya karatasi, ya volti 11,000 kwa mfano, na kuimenya kama kitunguu, utaanza na nyuzi za juti zilizopakwa lami. Chini yake utakuta deraya, yaani mikanda au nyaya za chuma za kuilinda dhidi ya majembe. Kisha juti na lami tena, ili chuma kisiikwaruze risasi. Kisha risasi yenyewe. Ndani ya risasi kuna mkanda wa pamoja wa karatasi, na ndani ya mkanda huo minofu mitatu ya shaba, kila mmoja na nguo zake za karatasi, na nafasi baina yao imejazwa karatasi na nyuzi. Karatasi hizo zilikaushwa kiwandani katika pipa lililofyonzwa hewa yote, kwa sababu karatasi hunywa unyevu wa hewani kama chumvi ya pwani. Ndipo yakaingizwa mafuta ya moto yaliyochanganywa na utomvu wa misonobari, yakapenya kila upenyo. Karatasi kavu peke yake si kitu. Mafuta peke yake hutiririka. Vikiwa pamoja huzuia umeme kwa miaka 60, 70, na zaidi.

Kebo za aina hiyo zilikuwa jambo la kawaida popote palipofuata viwango vya Kiingereza hadi kufikia miaka ya 1970, na mafundi wetu wengi wazee wamezaliwa kazini wakiwa nazo. Ukitaka kuijua heshima ya karatasi, mtafute mzee wa namna hiyo akueleze jinsi kiungo kinavyofungwa.

Kwanza shimo, na juu ya shimo hema, hata kama jua linawaka. Hema si la kumstarehesha fundi bali la kuzuia umande na vumbi. Akishahakikisha kwamba kebo imekufa, yaani haina umeme, huikata na kuvua tabaka moja moja. Anapofika kwenye karatasi hufanya jambo ambalo mtazamaji angelidhania ni uganga. Huchana kipande cha karatasi kwa koleo, hakishiki kwa vidole, na kukitumbukiza katika mafuta ya moto. Kisha husikiliza. Kikinyamaza, karatasi ni kavu. Kikichacharika na kutoa povu, mna maji, na hapo hapana ujanja: atakata kebo mbele zaidi, ajaribu tena, akate tena, hata kama itambidi aombe kipande kipya cha kebo na shimo lirefushwe.

Ikishanyamaza, huunganisha shaba kwa mikono ya shaba na kumwagia lehemu ya moto kwa upawa. Huviringisha karatasi mpya zilizoloweshwa, akizimwagia mafuta ya moto ili kuosha unyevu wowote uliotokana na hewa. Jasho ndilo adui wa karibu. Katika joto la Dar es Salaam ndani ya hema lenye majiko mawili, fundi hufunga kitambaa kwenye paji la uso kama mpiga ngoma, na msaidizi wake ana kazi ya kumpangusa. Tone likiangukia kwenye karatasi, kazi ya saa nne imeharibika.

Halafu kinakuja kipimo cha ufundi wenyewe. Bomba la risasi huvutwa kuifunika sehemu iliyoungwa, ncha zake zikagongwagongwa taratibu kwa nyundo ya mti mpaka zikakumbatia risasi ya kebo pande zote mbili. Sasa zishikanishwe. Fundi humwaga mchanganyiko wa risasi na bati ulioyeyuka, na unapoanza kupoa huwa si maji tena wala si kitu kigumu. Uko kati ya uji na ugali. Katika dakika hizo chache, akiwa na kitambaa kinene kilichopakwa shahamu, huupangusa na kuuzungusha kwa mkono mpaka utoke mviringo, laini, wenye kung'aa kama yai. Akiwahi, utamwagika. Akichelewa, utaganda na matundu yasiyoonekana. Moto ukizidi, risasi ya kebo yenyewe itayeyuka na ataharibu kila kitu. Hakuna kitabu kinachofundisha dakika hizo. Kijana husimama kando ya mzee miaka kadhaa, akipokea upawa na kurudisha upawa, hadi siku atakapoambiwa: leo shika wewe.

Kebo hizi zina udhaifu wake pia. Zikilazwa mlimani, mafuta huteremka polepole kuelekea chini na karatasi za juu hubaki kavu. Ndiyo maana baadaye ulitungwa mchanganyiko mzito usiotiririka. Mtetemo wa treni na magari darajani huichosha risasi hadi ikapasuka nyufa, hivyo viwanda huichanganya na madini mengine kidogo kuikaza. Na adui mkubwa kuliko wote ni mtu mwenye sururu asiyeuliza kilichopo chini.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, lazima niseme neno juu ya risasi inayotolewa kwenye kebo zilizong'olewa. Pwani yetu wavuvi huipenda kwa kutengenezea chubwi, na wapo wanaoiyeyusha uani, katika sufuria kuukuu, watoto wakitazama kwa furaha jinsi inavyong'aa. Risasi ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Moshi na vumbi lake havina harufu ya kukuonya. Mafundi wa zamani waliokatazwa kula kabla ya kunawa mikono hawakuwa wakionewa na msimamizi. Sufuria ya risasi isirudi jikoni kamwe, na afadhali isiwepo uani.

Kituo cha Deptford kilijengwa upya na kupanuliwa mara kadhaa, kikafungwa mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 kikabomolewa. Wakati huo karatasi ilikuwa imekwisha kupata mshindani. Tangu miaka ya 1970 kebo za plastiki zilianza kuchukua nafasi yake mijini: nyepesi, safi, na fundi hujifunza kuziunga kwa majuma badala ya miaka. Nyingi za mwanzo ziliharibika kabla ya wakati, maji yakizichimba ndani kwa nyufa ndogo zenye umbo la matawi ya mti, huku kebo za karatasi walizozikuta ardhini zikiendelea na kazi. Viwanda vikajifunza, na za leo ni nzuri.

Lakini chini ya London, chini ya New York na miji mingine mingi, kebo za karatasi bado zipo na zina umeme. Haziwezi kung'olewa zote kwa siku moja. Moja inapoharibika, hukatwa kipande na kuungwa na kebo mpya ya plastiki, na kiungo cha namna hiyo humtaka mtu ajuaye pande zote mbili. Ajuaye plastiki hapati shida kupatikana. Yule anayeweza kusikiliza karatasi katika mafuta ya moto anakaribia kustaafu, kama hajastaafu tayari, na shirika linalomwacha aondoke bila kijana kando yake litachimba shimo siku moja lisijue la kufanya.

Na baharini karatasi haijastaafu hata kidogo. Mwaka 2021 Norway na Uingereza ziliunganishwa kwa kebo za urefu wa kilomita 720, na mwaka 2023 zikafuata za Uingereza na Denmark, urefu wa kilomita 765. Kila moja ya njia hizo hubeba hadi megawati 1,400 kwa volti zaidi ya nusu milioni. Ndani yake ni shaba iliyoviringishwa karatasi, ikaloweshwa mafuta mazito, ikavikwa risasi. Kebo ndefu namna hiyo haiwezi kubebwa na meli kwa safari moja, kwa hiyo huungwa huko huko majini. Meli husimama, ncha mbili huvutwa ndani ya chumba kilichofungwa ambacho hewa yake hukaushwa kwa mashine, na mafundi huingia kwa zamu, usiku na mchana kwa siku kadhaa, wakiviringisha mikanda ya karatasi kwa mikono, tabaka juu ya tabaka, huku bahari ikipiga ubavuni mwa meli.